Mtetea Wako Akizubaa

Usimkimbilie. Simama mbali kidogo, umtazame kwa dakika tano kabla hujamtia mkono. Kuku anawindwa na wengi, mwewe juu na kicheche chini, kwa hiyo amezaliwa akijua kuficha udhaifu. Akikuona unamjia atanyoosha shingo, atabana mabawa, hata atadonoadonoa chini kana kwamba anakula. Ukigeuka tu, anarudia hali yake. Ndani ya dakika hizo tano, asipojua kwamba anatazamwa, utaona mambo ambayo ukishamshika hutayaona tena: mkia umeshuka, manyoya yametuna kama ya kuku aliyenyeshewa, macho yanafumba na kufumbua, amejitenga na wenzake, na kila akipumua mkia unapanda na kushuka.

Namwandikia mwenye kuku wachache uani, watano au kumi, ambao kila mmoja ana jina lake. Mwenye kuku elfu ana daktari wake na ratiba yake. Wewe una Kishingo, una Kuchi, una yule wa madoadoa ambaye mwanao wa darasa la pili humbeba begani kama mdoli. Mmoja wao akizubaa asubuhi, saa chache zinazofuata ni za thamani, kwa sababu kuku akishaonyesha ugonjwa, ugonjwa wenyewe umeshakwenda mbali.

Hakikisha kwanza kwamba anaumwa kweli. Mtetea anayeatamia hutuna manyoya, hashuki kula ila mara moja au mbili kwa siku, na akishuka hutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, asiyemjua akadhani anahara. Anayeoga vumbi hulala ubavu juani, mguu mmoja umenyooka, jicho limefumba. Anayenyonyoka manyoya huacha kutaga na huwa mkimya kwa wiki kadhaa. Njia ya kuwatofautisha ni nyepesi. Mguse anayeatamia, naye atafoka na kukudonoa, mgonjwa hafoki. Kwa wengine, rusha konzi ya mtama. Kuku mzima hawezi kuuacha mtama. Anayeutazama tu wenzake wakigombania, huyo mchukue.

Saa ya kwanza

Mtenge. Boksi la kadibodi au tenga lenye maranda makavu linatosha, liwe mahali pasipo na upepo, kelele wala mbwa, na liwe mbali na banda. Kumweka pembeni mwa banda lilelile akipumua hewa ileile na wenzake hakujamtenga. Tangu sasa, lisha na nywesha wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe kwa sabuni na ubadilishe kandambili. Watu wengi hutenga kuku wakasahau miguu yao wenyewe.

Mpe joto. Ndege mgonjwa asiyekula hupoteza joto upesi, na kutuna kwake ni kujaribu kulizuia. Tia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, iviringishe kitambaa, iweke upande mmoja tu wa boksi ili akitaka asogee na akichoka aondoke. Usimwekee jiko la mkaa chumbani. Hewa ya mkaa huua ndege kabla ya mtu kuhisi hata kizunguzungu, na chumba kilichofungwa kina hatari kwako pia. Wala usishtuke ukimpapasa ukamwona wa moto: joto la kawaida la kuku ni kati ya nyuzi 40.5 na 42, kiasi ambacho kwa binadamu kingekuwa homa ya kutisha.

Maji ni muhimu kuliko chakula, na hapa ndipo wengi tunapoua kwa huruma. Mtetea wangu mmoja mweupe nilimpoteza hivi: alikuwa mnyonge tu, nikambana mdomo nikammiminia maji kwa kijiko. Usiku kucha alikoroma, na alfajiri nikamkuta amekufa. Yale maji yalikuwa yamekwenda kwenye mapafu. Ukimfungua kuku mdomo utaona tundu dogo nyuma kidogo ya ulimi, linafunguka na kufumba; hiyo ndiyo njia ya pumzi, na haina ulinzi wa kutosha dhidi ya maji yanayomiminwa. Chovya kidole katika maji, dondosha tone moja kwenye ncha ya mdomo wake, pembeni, umwache ameze mwenyewe. Kisha tone jingine. Kazi hii ni ya subira, ifanye kila baada ya muda mfupi. Unaweza kutia glukosi kidogo, kijiko cha chai katika glasi. Chumvi usitie kwa kukadiria, kwani kuku hudhurika nayo haraka.

Chakula kisubiri. Akianza kunywa mwenyewe, mlainishie pumba au wali kidogo. Asiyeweza kusimama usimlishe kwa nguvu.

Mkague toka kichwani hadi mkiani

Akishatulia, mweke mapajani, mabawa yakiwa yamebanwa kwa kanga au taulo jepesi. Anza na upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Ukiwa umepauka, ana upungufu wa damu: funua manyoya ya chini ya mabawa na kuzunguka tundu la kutagia, utafute utitiri, na usoni utafute viroboto walioganda. Mtetea aliyeatamia kwenye kiota chenye utitiri anaweza kunyonywa hadi akafa hapo hapo juu ya mayai. Upanga ukiwa wa zambarau au bluu, damu haipati hewa ya kutosha, na hilo ni jambo la haraka. Ukiwa na vigaga vyeusi kama mbegu, ni ndui, ambayo huenezwa zaidi na mbu, usivibandue.

Shuka kwenye gole, ule mfuko wa chini ya shingo. Jioni hujaa, alfajiri kabla hajala linapaswa kuwa tupu. Kama asubuhi bado ni gumu kama donge la unga, limeziba, mara nyingi kwa nyasi ndefu au vipande vya mfuko wa nailoni. Mpe matone ya maji, likande taratibu kwa vidole mara kadhaa kwa siku. Kama ni laini, limejaa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani. Mtaani watakushauri umgeuze kichwa chini atapike. Usifanye hivyo, atavuta matapishi yake mapafuni. Huyo ni wa daktari.

Halafu papasa mfupa wa kidari. Ukikuta umechongoka kama kisu na nyama imekwisha pembeni, fahamu kwamba ugonjwa huu si wa ghafla hata kidogo. Amekonda kwa wiki nyingi chini ya manyoya, na macho yetu yamedanganyika. Fikiria minyoo, fikiria chakula. Ndiyo sababu nashika kila kuku wangu mara moja kwa wiki, jioni wakishalala, nipapase kidari tu. Inachukua dakika chache kwa kuku kumi.

Kinyesi kinasema mengi. Cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe, na katika kila vichache hutokea kimoja laini, cha kunata, chenye harufu mbaya. Hicho nacho ni cha kawaida. Damu kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6, wakiwa wamejikunyata na mabawa yameshuka, karibu kila mara ni koksidiosi, ambayo hustawi katika matandazo yaliyolowa. Dawa yake ipo, amprolium ya kutia katika maji, lakini usiitie pamoja na vitamini: hiyo dawa inafanya kazi kwa kuwanyima vijidudu vitamini B1, nawe utakuwa unawarudishia kwa mkono wa pili. Kinyesi cha njano kama kiberiti, upanga ukiwa umepauka, kinaelekeza kwenye homa ya matumbo. Kijani kibichi chaweza kuwa nyongo tu ya kuku asiyekula. Chaweza pia kuwa mdondo, na huo nitaufikia.

Yai lililokwama

Kuna hali moja ambayo wewe mwenyewe unaweza kumsaidia, na ukichelewa anakufa ndani ya siku moja au mbili. Mtetea anasimama wima isivyo kawaida, mkia chini, anajikamua, anaingia na kutoka kiotani bila kutaga. Hutokea zaidi kwa tembe anayetaga kwa mara ya kwanza, kwa mtetea mnene, na kwa anayekosa chokaa mwilini. Papasa tumbo kwa upole kati ya miguu, chini ya tundu la kutagia. Huenda ukalihisi yai lenyewe.

Andaa karai la maji ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, yafike tumboni. Mkalishe humo kwa dakika 20. Wengi hutulia, wengine husinzia. Mkaushe vizuri kabisa, paka mafuta ya kula kuzunguka tundu, mrudishe kwenye boksi lenye joto na giza, mwache peke yake. Baada ya saa moja au mbili rudia. Usilikamue kwa nguvu, na usilipasue ndani, maana maganda yake hukata kama vigae. Jua likizama bila yai kutoka, mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo. Akipona, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri motoni au nunua chokaa ya mifugo, uiweke kwenye kifuu chake pembeni ale kwa kadiri anavyohitaji.

Ukiona nyama nyekundu imetoka nje ya tundu la kutagia, mtoe mbele ya wenzake mara moja. Kuku hudonoa chekundu, na wataudonoa mwili wa mwenzao hadi utumbo utoke. Safisha kwa maji safi ya vuguvugu, paka mafuta, mweke gizani, umwite daktari.

Nilisema umpe joto, lakini mchana wa Februari katika pwani yetu, Tanga au Mombasa, hali ni nyingine kabisa. Kuku hana tezi za jasho. Akihema mdomo wazi na mabawa ameyaacha mbali na mwili, joto linamshinda, na boksi la chupa ya moto litammaliza. Mpeleke kivulini penye upepo, mtumbukize miguu katika maji ya baridi ya kawaida, mlowanishe upanga, mpe maji ya kunywa. Barafu usitumie.

Na kama shingo imelegea kama kamba, kichwa kimelala chini wala hawezi kukiinua, jiulize alikula nini. Mzoga wenye funza, sumu ya panya, mahindi yenye ukungu, mboga iliyopuliziwa dawa jana. Hifadhi kidogo ya alichokula katika mfuko, daktari ataitaka.

Mdondo

Yote niliyosema hadi hapa yanahusu kuku mmoja. Wakiwa wawili au watatu kwa siku mbili, acha kumfikiria mmoja.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huwajia kuku wasiochanjwa kama moto wa kiangazi. Wanahema na kukoroma, wanahara kijani, mabawa na miguu vinapooza, shingo inapinda hadi kichwa kinatazama mgongoni. Wengine hawaonyeshi lolote: wamelala wazima, asubuhi wako chini ya fito wamekufa. Jina lake la kimataifa limetokana na mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana kisiwani Java. Hadi leo hauna dawa. Mwarobaini hauutibu, shubiri mwitu haiutibu, pilipili haiutibu, wala vidonge vya rangi mbili ulivyobakiza kabatini. Nasema hivi nikijua ni mama zetu waliotufundisha hayo maji machungu. Walifanya walichoweza kabla chanjo haijawafikia.

Watu husema mdondo huletwa na upepo. Ungeletwa na upepo tusingekuwa na la kufanya. Mara nyingi unaletwa na kuku mgeni uliyemnunua mnadani, na tenga la mchuuzi, na gurudumu la baiskeli yake, na manyoya ya kuku wa jirani aliyechinjwa jana yakatupwa jalalani. Kwa hiyo kuku mgeni, hata aliyetolewa zawadi na shangazi, akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa.

Sasa jambo gumu. Katika nyumba nyingi, kuku akizubaa sauti ya kwanza inayosikika ni, “Mchinjeni kabla hajawa kibudu.” Naielewa hofu hiyo. Nyama ni ghali, na aliyekufa mwenyewe haliwi. Kuku aliyegongwa na pikipiki akavunjika mguu, akiwa mzima dakika moja kabla, kumchinja ni busara. Lakini kuku anayeumwa usichokijua, damu yake, maji ya kunyonyolea, manyoya na matumbo yake vinatawanya ugonjwa uani kwako kuliko ambavyo angeutawanya akiwa amelala kwenye boksi. Kama amekwisha kupewa dawa, dawa hiyo iko katika nyama. Na kama ni mafua makali ya ndege, aliye hatarini ni yule anayenyonyoa. Hilo si jambo la mbali: Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua hayo kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa mwituni na wa kufugwa.

Kumuuza haraka gengeni ni vibaya zaidi, na kwa hili sitafuti maneno laini. Ni kumhamishia jirani msiba. Waliokufa wachome, au uwafukie katika shimo la futi tatu ambalo mbwa hawataweza kulifukua. Waliobaki wasitoke. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata, hata kama unadhani hatafika leo, kwa sababu taarifa yako ikiungana na ya kijiji cha pili ndiyo inayoonyesha kwamba kuna mlipuko.

Kuku aliyekufa muda si mrefu anaweza pia kukwambia kilichomuua. Mfunge katika mifuko miwili, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, umpeleke maabara ya mifugo siku hiyohiyo. Tanzania, Wakala wa Maabara ya Veterinari ana maabara kuu Temeke, Dar es Salaam, na vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa. Kwa Kenya, maabara ipo Kabete. Inauma kumbeba ndege uliyemlea ukampeleka kupasuliwa, lakini waliobaki bandani wanahitaji jibu hilo.

Chanjo ni tone moja la jichoni. Ile inayoitwa I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na inayotengenezwa Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inaweza kufika kijijini pasipo na friji. Hurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile. Chupa moja huwa na matone ya kutosha kuku wengi kuliko wako, basi kubalianeni majirani kumi, mchange, mchanje siku moja. Wachanje wakiwa wazima na kabla kiangazi hakijakolea. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo kuchanja banda ambalo mdondo umeshaingia ni kuchelewa.

Unapompigia daktari

Usimwambie tu “kuku wangu anaumwa.” Mwambie ana umri gani, ameanza lini, wangapi wanaumwa na wangapi wamekufa, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, kama kuna mgeni aliyeingia bandani, kama chakula kimebadilishwa, kinyesi kina rangi gani. Mtumie picha ya kinyesi juu ya karatasi nyeupe na video fupi ya kuku akipumua. Kwa maelezo hayo anaweza kukuelekeza hata akiwa wilaya nyingine.

Muuzaji wa duka la dawa akikupa kopo la antibiotiki kabla hujamaliza sentensi, muulize inatibu nini. Antibiotiki husaidia katika magonjwa ya bakteria kama homa ya matumbo na kipindupindu cha kuku, ikitolewa kwa kipimo na kwa siku zote zilizoandikwa. Mdondo, gumboro na ndui ni magonjwa ya virusi, hayaijali. Ukimpa nusu dozi leo na nusu ya nyingine kesho, unawafundisha bakteria kuishi nayo, na mayai yake utakuwa unampa mwanao. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Ziandike ukutani kwa chaki.

Siku ya tatu au ya nne, kama Mungu amejalia, utamsikia akikwaruza boksi. Usimrudishe mbio. Mwache ale vizuri, kinyesi kirudi kawaida, na daktari akiwa amesema ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza, ungoje kwa muda atakaokupa. Kuku wana vyeo vyao; aliyetoka kwa wiki moja hurudi kama mgeni na hupigwa. Mrudishe usiku, wenzake wakiwa wamelala. Mpandishe taratibu kwenye fito katikati ya wawili waliokuwa wakilala naye, uondoke bila kuwasha tochi. Asubuhi uwahi wewe kufungua banda, na mtama mkononi.